Roketi Nyuma ya Ukumbi wa Parokia



Wapendwa wanaparokia, juma hili nimepokea malalamiko mengi, nayo hayakuhusu zaka wala ratiba ya Misa. Yalihusu chupa za soda. Kila Jumamosi alasiri vijana wetu hufanya majaribio ya roketi za maji nyuma ya ukumbi, na sasa wapo wanaoitaka Halmashauri ya Walei ipige marufuku shughuli hiyo. Hoja zao ni tatu: kwamba ni mchezo wa kitoto, kwamba ni hatari, na kwamba si kazi ya Kanisa. Nazipinga zote tatu, tena hadharani, kabla ya kikao kuketi.

Tuanze na ile ya utoto. Chupa ya plastiki hutiwa maji kiasi cha theluthi, hufungwa kizibo chenye valvu, kisha hewa husukumwa ndani kwa pampu ya baiskeli. Kizibo kikiachia, hewa iliyobanwa huyatupa maji chini, na chupa hupaa juu. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya Newton, iliyochapishwa mwaka 1687, na ndiyo hiyo hiyo inayoinua vyombo vya angani. Kijana anayepima ni maji kiasi gani yanayoifikisha chupa juu zaidi, akaandika matokeo na kujaribu tena, hachezi. Anajifunza kuukubali ukweli hata pale unapomwambia kwamba alikosea hesabu. Ni wangapi kati yetu watu wazima tulio na fadhila hiyo?

Kumbukeni kijiji cha Coalwood, huko West Virginia, Marekani, kilichoishi kwa mgodi wa makaa ya mawe. Baada ya Sputnik kurushwa Oktoba 1957, mtoto wa msimamizi wa mgodi, Homer Hickam, alianza na wenzake kuunda roketi. Ile ya kwanza ilivunja uzio wa bustani ya mama yake. Hapo kijiji kingeweza kusema basi. Badala yake, vijana wale walipewa eneo la kutupia mabaki ya mgodi wafanyie majaribio, mafundi wa karakana wakawachongea vyuma, na mwalimu wao, Freida Riley, akawatia moyo. Mwaka 1960 walishinda medali katika maonyesho ya kitaifa ya sayansi ya wanafunzi, na baadaye Hickam akawa mhandisi wa NASA. Vijana walileta hamu. Wakubwa wakaleta mahali, ufundi na subira. Sisi tumeleta nini hadi leo, zaidi ya malalamiko?

Hoja ya pili ina uzito, nami siidharau. Chupa iliyojaa hewa yaweza kumjeruhi mtu usoni. Lakini hatari ni sababu ya kusimamia, si sababu ya kukimbia. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, vijana wa Marekani walikuwa wakiumia kwa kuchanganya baruti majumbani. Orville Carlisle, muuza viatu wa Nebraska, alikuwa amebuni roketi ndogo nyepesi inayorudi chini kwa parachuti. Mhandisi G. Harry Stine alipoiona, akaitumia kuanzisha mchezo wenye kanuni: vifaa vyepesi badala ya chuma, kuwasha kwa umeme ukiwa mbali, kuhesabu kwa sauti kabla ya kurusha, na kutokikaribia haraka chombo kilichokataa kuwaka. Hivyo mtu mzima alisogea karibu na vijana, na hatari ikapungua. Anayepiga marufuku humhamishia kijana kichochoroni, ambako hakuna wa kumwambia arudi nyuma hatua kumi.

Hoja ya tatu ndiyo inayonihuzunisha zaidi. Wapo walionitajia Mnara wa Babeli. Ndugu zangu, kosa la Babeli halikuwa urefu wa mnara. Lilikuwa ni watu kutaka kujifanyia jina bila Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 36, unafundisha kwamba uchunguzi wa kweli wa elimu hauwezi kupingana na imani, kwa kuwa vyote viwili vina asili katika Mungu mmoja. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na hakuacha kuadhimisha Misa. Wanadamu walipotua mwezini Julai 1969, Papa Paulo wa Sita aliutazama mwezi kwa darubini pale Castel Gandolfo, akawabariki wanaanga. Je, sisi tumekuwa Wakatoliki kuliko Papa?

Tena anga si mali ya wageni peke yao. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei ya angani. Iliitwa Uhuru, kwa heshima ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Jina lilikuwa la Kiswahili. Chombo kilikuwa cha Wamarekani, na warushaji walikuwa Waitalia. Tukiendelea kuwaambia watoto wetu kwamba kazi yao kanisani ni kuimba na kupanga viti tu, tutabaki watu wa kuazimwa jina.

Katika mfano wa talanta, aliyelaumiwa ni yule aliyefukia talanta yake kwa woga. Basi ninaiomba Halmashauri ijadili mambo matatu: ni mwalimu gani wa fizikia atakayesimama na vijana kila Jumamosi, ni fundi gani atakayewatengenezea kitako imara cha kurushia, na ni kamba ya urefu gani itakayowatenga watazamaji. Hayo yakipatikana, hoja ya marufuku haitakuwa na mguu wa kusimamia. Mwenye pampu nzuri ya baiskeli ailete ofisini.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.

Paroko wenu