Dhahabu kwa Bei ya Chuma Kuukuu

Ndugu msomaji, kabla hujaugeuza ukurasa huu ukimbilie vichekesho, nakuomba dakika tano tu. Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, hoja ilikuwa kwamba wanafunzi wapigwe marufuku kuuza vyuma kuukuu. Sisi wapinzani tulishindwa vibaya. Kushindwa huko bado kunaniuma, kwa maana karo yangu mimi hutoka kwenye mizani ya mjomba.

Mjomba hununua vyuma pale Keroka, mji ambao upande mmoja ni Kisii na upande wa pili ni Nyamira (ukipiga chafya Kisii, anayekuombea afya yuko Nyamira). Wakati wa likizo mimi ndiye karani wake. Vijana huleta mabati, sufuria zilizotoboka na betri za magari. Siku hizi huleta pia redio, simu, kompyuta, na zile televisheni nene zenye kisogo ambazo watu wengi waliziaga baada ya Kenya kuzima matangazo ya analogi mwaka 2015.

Ndani ya vyombo hivyo mna bodi, yaani ule ubao mwembamba, mara nyingi wa kijani, uliochorwa vijia vya shaba na kupachikwa vidude tele kama mji mdogo. Mjomba huzitia zote katika gunia moja, za simu na za redio, akazipima kwa bei moja. Siku moja nilimwuliza, "Mjomba, kwani zote ni sawa?" Akacheka. "Mwanangu, mimi nanunua uzito. Yule wa lori naye ananunua uzito. Maswali peleka shuleni."

Basi nikayaleta shuleni, na mwalimu wetu wa Kemia akanifungua macho. Bodi za simu na kompyuta zina dhahabu, fedha na paladi. Dhahabu hutiwa humo kwa sababu hupitisha umeme vizuri na haishiki kutu. Itazame kadi ya kumbukumbu ya kompyuta iliyokufa: yale meno ya manjano ukingoni ni dhahabu yenyewe, ijapokuwa ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Tani moja ya bodi za namna hiyo huwa na dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe ya mgodini. Jirani zetu wa Migori wanateremka mashimoni kule Macalder kuitafuta; sisi tunaitia guniani pamoja na bodi za redio, ambazo thamani yake ni ndogo mno.

Wenzetu waliamka zamani. Medali za Olimpiki ya Tokyo, zilizotolewa mwaka 2021, zilitengenezwa kwa madini yaliyotoka katika simu kuukuu na vyombo vidogo vya umeme vilivyokusanywa kote Japani. Dhahabu pekee ilifika kama kilo 32. Kwa hiyo Eliud Kipchoge aliposhinda marathoni, alichorudi nacho nyumbani kilikuwa ni simu za watu!

Sasa nije kwa wale walionishinda. Walisema biashara hii inaua, nami sikuwa na jibu. Jioni, nyuma ya soko, vijana huchoma nyaya na bodi ili plastiki iungue wapate shaba. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Nne hufanya hivyo kila Jumamosi, na Jumatatu hukohoa mpaka mwalimu anasimamisha somo. Moshi ule una sumu. Bodi nyingi za zamani zimelehemiwa kwa risasi, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo. Waulizeni watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Na yule mwenzetu, jamani, anachookoa ni shaba tu. Ile dhahabu anaiacha jivuni.

Lakini marufuku? La hasha. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, na mwaka uo huo marufuku ikaondolewa. Mjomba anasema miezi ile alifunga mlango wa mbele akafungua wa nyuma. Mwenye njaa hukumfukuza, umemficha tu. Kijana anayetafuta pesa za mtihani naye atachoma usiku badala ya jioni.

Ninachotaka mimi ni kwamba bodi isichomwe kabisa. Iuzwe nzima, magunia yawe matatu: la simu, la kompyuta, na la redio na televisheni. Kule Nairobi kuna kituo cha WEEE kinachopokea taka za umeme na kuzivunja kwa njia salama. Najua utaniambia gunia moja halilipi nauli ya kwenda Nairobi. Kweli, halilipi. Ndiyo maana nataka shule za Kisii na Nyamira zikusanye pamoja, lijae lori, kisha tuulize bei tukiwa wengi. Aidha, kanuni za serikali za mwaka 2024 zinamtaka anayetengeneza au kuleta bidhaa nchini awajibikie taka zake. Wanaotuuzia simu mjini tuwaulize basi, zikifa tuwarudishie wapi?

Na tuanzie hapa hapa. Mwalimu Mkuu, ukiyasoma haya, stoo iliyo nyuma ya maabara inavuja. Nimechungulia dirishani nikahesabu kompyuta kumi na saba zilizokufa. Tunaomba ufunguo. Mjomba amekubali kutuazima mizani, mradi irudi kabla ya siku ya soko.