Jasho Ni Lako, Pete Si Yako

Disemba ikikaribia tu, zile video zinarudi. Msee amesimama baharini, maji yamemfika kiunoni, hedifoni masikioni, mkononi ana detekta, ile mashine ya kutafuta metali. Mashine inalia, anachota mchanga, anauchekecha, halafu anageukia kamera na pete ya dhahabu kidoleni. "Pesa ya bure, wasee!"

Mimi pia natafuta. Asubuhi nyingi utanipata Jomo Kenyatta Public Beach hapo Bamburi, mahali sisi wote tunapaita Pirates, nikiwa na detekta yangu na ndoo ya matundu. Kwa hivyo siongei kama mtu wa nje. Na nasema hiyo si pesa ya bure. Hiyo ni pete ya mtu, na pengine huyo mtu bado anaitafuta.

Kwanza tuelewane ni kwa nini pete zinaishia majini. Kidole kikilowa, tena kimepakwa mafuta ya jua, pete inateleza. Rusha mtoto juu, cheza mpira, shikilia tyubu wimbi likija, ukiangalia kidole hakina kitu. Na pete haielei ikaenda zake kama ndala. Dhahabu safi ni nzito karibu mara 19 kuliko maji, kwa hivyo inashuka karibu na pale pale ulipokuwa umesimama, kisha mawimbi yanaizika polepole mchangani. Ndiyo maana sisi hatuendi mbali. Tunatafuta pale watu wanapoogelea, kati ya magoti na kifua. Siku kuu za Krismasi, Pirates ikijaa mpaka huoni mchanga, hapo ndipo vitu vinapopotea.

Halafu kuna maji yenyewe. Hapa Mombasa bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo ama mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Na mtu wa Pwani anajua, siku za bamvua maji hujaa mida ya saa kumi na kupwa mida ya saa nne. Kwa hivyo pale uliposimama jana saa kumi jioni maji yakiwa kifuani, leo saa nne asubuhi pengine unapakanyaga pakavu. Mtu aliyepotezewa pete akijua hii kitu moja tu, hatakata tamaa haraka.

Na usidhani ukinunua detekta yoyote umemaliza. Koili ya mashine inatuma sumaku chini, metali ikiguswa nayo inajibu, mashine inasikia. Shida ni kwamba maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme, kwa hivyo mashine rahisi ya nchi kavu ukiiingiza baharini inapiga kelele ovyo kama ng'ombe wa kutafuta ndama. Ya baharini ni ama ile ya kutumia masafa mengi kwa pamoja, ama ile ya mapigo, inayotuma pigo fupi, inanyamaza, halafu inasikiliza baada ya kelele ya chumvi kufifia. Hata hiyo haikwambii sawasawa ni nini kiko chini. Kishikio cha kopo la soda na pete ndogo ya dhahabu vinaweza kulia karibu sawa. Unachimba vyote.

Ndiyo maana ndoo yangu haifanani na zile za video. Siku ya kawaida ni vifuniko vya soda, vishikio vya makopo, misumari, ndoana, chubwi za wavuvi na sarafu. Zile sarafu mpya za kuanzia 2018 utazijua kwa wanyama: twiga wa shilingi moja, kifaru wa tano, simba wa kumi, ndovu wa ishirini. Ukitaka kutajirika, tafuta kazi nyingine. Pete ni mara moja moja, na hiyo mara moja ndiyo inayokupima wewe ni mtu wa aina gani.

Wacha niwaambie kitu nilichokiona. Kuna msee ninayemjua, tunatafuta naye. Alipata pete nzito ya kike, ndani imechorwa herufi mbili na tarehe. Nilimwambia angoje. Akasema kuokota si kuiba, akaipeleka kwa sonara mjini siku hiyo hiyo. Sonara hanunui mapenzi, ananunua gramu. Ikapimwa, ikalipwa, ikayeyushwa.

Siku ya tatu akaja binti wa rika letu, ametoka bara. Anapita kwa wauza madafu, kwa wenye tyubu, kwa wapiga picha, swali ni moja: kuna mtu ameona pete ya mamangu? Akafika kwetu. Akataja zile herufi mbili kabla hatujamuuliza. Akasema babake alifariki na hiyo ndiyo pete aliyomvisha mamake. Msee wangu akaangalia chini. Angesema nini? Pesa za pete nzima zingekuwa zimebaki mfukoni zisingeirudisha. Yule binti alishukuru, akaendelea kuuliza mbele, na nilimwona mpaka alipofika kwenye mawe.

Siku tatu tu, wasee.

Nikiwaambia watu hivi, jibu ni lile lile: "Lakini mimi ndiye nimeamka saa kumi na moja. Mashine nimenunua mimi. Jua linanichoma mimi." Ni kweli kabisa, na sikupingi. Jasho lako lina bei na ulipwe. Lakini fundi akitengeneza simu yako hadai simu iwe yake. Anadai pesa ya kazi. Kutafuta ni kazi; hakukupi umiliki.

Na sheria si mchezo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 268, inazungumzia kitu kilichopotea kikaokotwa. Kwa lugha yetu: ukikifanya chako haihesabiki wizi kama wakati huo hukumjua mwenyewe, na ulikuwa na sababu za maana za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Soma tena hapo mwisho. Sababu za maana. Pete ina herufi na tarehe, imepatikana pwani ya watu wengi, wewe umeipeleka kwa sonara bila kuuliza mtu hata mmoja. Hizo sababu za maana utazitoa wapi mbele ya hakimu?

Kuna pia vitu ambavyo mwenyewe alishakufa zamani, na hapo ndipo watu wanajidanganya zaidi. Bahari yetu haikuanza na sisi. Mwaka 1697 meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Fort Jesus. Wanaakiolojia waliifanyia kazi chini ya maji kuanzia 1977, na vitu vyake unaweza kuviona leo ndani ya ngome. Mwaka 2013 watafiti walitangaza sarafu ya Kichina iliyopatikana kisiwa cha Manda, ya wakati wa mfalme Yongle, miaka 600 hivi iliyopita. Kasarafu kadogo ka shaba, katikati kana shimo la mraba. Ukikauza peke yake ni pesa kidogo. Kukapata Manda ndiko kunakotuambia biashara ya watu wetu ilifika wapi. Ukikang'oa bila kuandika mahali, umebaki na kipande cha shaba.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inasema ukigundua kitu cha kiakiolojia uwaarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7, ueleze mahali na ulivyokipata. Na kuchimba makusudi ukitafuta vitu vya aina hiyo kunahitaji leseni. Kwa hivyo ukiona kitu kimekaa kizee, acha palepale, piga picha, andika mahali, uende Fort Jesus ukaseme.

Basi tufanyeje? Mimi sitaki watu waache kutafuta. Nataka tuifanye kazi yenye jina zuri. Nchi nyingine imeshafanyika. Kuna mtandao wa The Ring Finders, ulioanzishwa na Chris Turner wa Canada, ambapo mtu aliyepoteza pete anampata mtafutaji wa karibu naye, na wengi hulipwa zawadi pete ikipatikana. Sisi tuna vijana pwani kutwa, wanajua maji na wanajua watu. Tunakosa nini?

Mimi hufanya hivi. Nina daftari: tarehe, saa, maji yalikuwa yanajaa ama yanakupwa, nilikuwa mkabala na nini. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nikipata kitu cha thamani nawaambia waokoaji na wenye biashara hapo kwamba kuna kitu kimepatikana, lakini sisemi kikoje. Anayekuja anieleze mwenyewe: rangi, alama, maandishi ya ndani. Asipotokea mtu, naenda kituo cha polisi, inaandikwa, napewa nambari ya OB. Nikiitwa na mtu aliyepoteza, tunakubaliana kabla sijalowa: nauli, na kitu kidogo ikipatikana. Hakuna kubembelezana baadaye.

Na yale madogo: ndoana zote na misumari naondoka nazo, juu kuna watoto miguu mitupu. Shimo nafukia hata kama liko ndani ya maji ya magoti, kwa sababu mtoto haoni shimo chini ya maji, anaingia tu. Natembea kwa kuburuta miguu, maana taa hujifukia mchangani na mwiba wake hauna utani. Na sijawahi kutafuta katikati ya watu wanaoogelea. Wao kwanza.

Wewe unayepanga kushuka Mombasa Disemba hii, vua pete uiache chumbani. Ukisahau na ikateleza, usihame pale uliposimama. Tafuta vitu viwili nchi kavu vilivyo mkabala nawe, mnazi na paa la kibanda, piga picha, andika saa. Halafu njoo Pirates maji yakikupwa, uulize wenye tyubu yule kijana wa detekta yuko wapi.

Na wewe wa kamera, ukiinua pete nyingine hewani, tuambie pia ulimuuliza nani kabla ya kuiita yako.