Mchezo wa Kuigiza Haukungoja Jumba

Wako wenzetu, hata waalimu, wasemao ya kuwa kuigiza kuliletwa na Wazungu, na kwamba Nkunga, kwa kukosa jumba la michezo, haina la kuonyesha. Neno hili twalikataa. Ni kweli, Wazungu walianzisha Little Theatre ya Dar es Salaam mwaka 1947, na ya Arusha mwaka 1953. Lakini waliigiza kwa Kiingereza, wakitazamana wao kwa wao. Huku Rungwe, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa kati ya Wanyakyusa miaka ya 1930, waliandika habari za mazishi yetu: vijana wakicheza na mikuki mfano wa waliomo vitani, watu wakiwatazama. Je, huko si kuigiza? (Wala hapakuuzwa tikiti.)

Tena mwaka 1982 wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakatunga michezo pamoja na wanakijiji juu ya mimba za wasichana wa shule, kisha watu wakajadiliana. Basi mwalimu asemaye mchezo hupoteza saa za masomo na atuambie: ni somo gani jingine liwezalo kuwafanya wazazi na vijana wanene hadharani jambo linong'onwalo nyumbani? Uwanja wa shule tunao, na Jumamosi hulala bure.