Parsela isifunikwe yote na sima

Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ile ya Mei 2021 ikafika Buhene. Basi wengi wanasema parsela haioteshi kitu, wanamwaga sima mpaka ukutani. Ni kosa.

Katika ukuta wa mawe makavu analala mjusi, anayekula nzi na mende. Kinyonga, ambaye watoto wanampiga mawe bure, hana sumu. Na umuko, mti wa kwetu wenye maua mekundu, unashika hata kwa tawi lililochomekwa kwenye shimo la udongo. Chozi atakuja mwenyewe.

Kwa familia zilizokimbia vita na kupanga chumba, kupanda mti kwa mwenyewe ni shida, inaeleweka. Lakini gunia la udongo na mbegu za boga linawezekana. Boga halizai bila nyuki kupeleka unga wa ua dume kwa ua jike. Anayepuliza dawa asubuhi, maua yakiwa wazi, anajinyima chakula. Nao wenye parsela wasikatae gunia la mpangaji, halivunji ukuta.