Neno Safari Lirudi Nyumbani

Upo mtihani mdogo ambao twamwomba kila mwalimu mwenzetu aufanye darasani kabla hajaendelea kutusoma. Awaulize wanafunzi wake: safari ni nini? Asiwape muda wa kufungua kamusi. Sisi tulilitoa swali hili hapa Kigali, katika darasa la mwaka wa nne wa sekondari, na mikono ikanyoshwa mingi. Jibu la kwanza lilisema kuwa safari ni wazungu kwenda Akagera kutazama simba. La pili likasema ni gari kubwa lililo wazi juu. La tatu lilitoka kwa kijana ambaye jina lake mwenyewe ni Safari, naye alisema kuwa safari ni likizo ya matajiri. Tukamwuliza, je, wazazi wako walikuita likizo ya matajiri? Darasa likaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao, akakiri kuwa hajui.

Juma lililofuata alirudi na jawabu. Siku aliyozaliwa, baba yake, dereva wa malori, alikuwa njiani akitoka Dar es Salaam na shehena yake, hata mpaka wa Rusumo hajaufikia. Mama akampa mtoto jina la lile lililomweka baba mbali. Jina hilo ni la kawaida hapa Rwanda na huko Kivu, na kila alichukuaye huwa amebeba habari ya mtu aliyekuwa njiani na ya mtu aliyekuwa akimngojea. Kijana huyu alikuwa amekaa na neno hili miaka kumi na sita, na maana yake alijifunza kwenye mabango.

Hatusimulii kisa hiki kwa kuchekesha watu. Twakisimulia kwa sababu kinaonyesha wizi uliofanyika mchana, wenye mali tukitazama na hata kupiga makofi. Neno letu limechukuliwa, likavikwa kofia pana na suruali ya rangi ya vumbi, kisha likarudishwa kwetu kama bidhaa kutoka ng'ambo. Watoto wetu hulipokea kama watu wanaopokea mgeni.

Tuanze na asili yake. Neno safari shina lake ni la Kiarabu, lakini lililelewa Pwani na likapanda bara kwa miguu. Lilikuwa neno la misafara iliyotoka Bagamoyo na Pangani, la wapagazi Wanyamwezi na Waswahili waliobeba mizigo mabegani, la bendera mbele na ngoma kambini, la homa, kiu na deni. Safari ilikuwa kazi. Aliyesafiri alikwenda kununua, kuuza, kuoa, kuzika, kuhiji, kutafuta riziki au kukimbia balaa. Ndiyo maana wahenga walinena kuwa safari ni hatua, wala hawakunena kuwa safari ni kiti.

Na sisi wa Rwanda tuna sababu ya pekee ya kulijali neno hili, kwa kuwa Kiswahili chenyewe kilitufikia kwa njia hiyo. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, aliyeanza mwendo wake Pangani, aliuvuka mto Kagera penye maporomoko ya Rusumo akaingia katika nchi ya Mwami Kigeri Rwabugiri. Vitabu vinamtaja yeye. Havitaji mamia ya watu waliomchukulia mizigo, ambao ndio waliokuja na lugha. Baada ya Richard Kandt kuuanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, wafanyabiashara na askari wenye kusema Kiswahili wakakaa hapa, na msikiti wa Al-Fatah ukajengwa Nyamirambo mwaka 1913. Hata leo atakaye kusikia Kiswahili kinachoishi mjini humu huenda Biryogo na Nyamirambo. Pale Rusumo alipovuka Götzen na wapagazi wake, ndipo baba wa mwanafunzi wetu alipokuwa akielekea na lori lake. Njia ni ile ile, na neno ni lile lile. Basi ni nani aliyetwambia kuwa mwenye safari ni yule anayeshuka katika ndege na miwani ya kutazamia mbali?

Waliotwambia wanajulikana. Mwezi Aprili mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Wawili hao waliua wanyama zaidi ya 500, na kitabu chake cha mwaka 1910 kikaeneza habari hizo kwa wasomaji wa Kiingereza. Tangu hapo neno safari likawa, katika masikio ya dunia, matembezi ya mtu mwenye fedha anayechukuliwa na wengine kwenda kuwinda. Baadaye bunduki ikaachwa, ikashikwa kamera, nasi twashukuru kwa badiliko hilo. Lakini mpagazi hakurudishiwa neno lake. Mwaka 2003 kampuni ya Apple ya Marekani iliipa jina hilo programu yake ya kusomea intaneti, na mwaka huo huo kampuni ya Disney iliyasajili nchini humo maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara katika mavazi. Watu wengi waliposikia habari hiyo mwaka 2018 walighadhibika, lakini hasira ikapita kama mvua ya vuli.

Sasa tutazame likizo yenyewe, hii inayouzwa katika loji za porini. Mgeni huamshwa kabla ya alfajiri, akapewa kahawa, akapandishwa katika gari. Mwongozaji humweleza mambo kwa Kiingereza au Kifaransa, na twakiri kwamba wengi wao ni hodari. Jua likipanda, mgeni hurudi kula na kulala; jioni hutoka tena. Usiku huketishwa kuzunguka moto mahali paitwapo "boma", ingawa kwetu boma ni ngome au ua, wala si chumba cha kulia. Hapo ndipo Kiswahili huitwa. Wahudumu hujipanga, wakapiga makofi, wakaimba wimbo wa kukaribisha, wakasema "jambo" na "hakuna matata", kisha Kiswahili hurudishwa jikoni hadi kesho.

Ndugu zetu wa Kongo, na watu wa sokoni hapa kwetu, husalimiana kwa "jambo", wakajibizana na kuulizana hali. Hatugombi nao, maana hayo ni mazungumzo ya watu. Tunalolikataa ni salamu isiyongojea jibu. Hujambo ni swali kwa mtu: je, huna jambo? Amwambiaye mgeni "jambo" bila kutaka jibu hajamsalimu. Mnyarwanda anapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine, kwa kuwa kwa Kinyarwanda ijambo ni neno, na neno hutolewa ili lijibiwe.

Mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani aliomba kazi katika loji moja ambayo hatutaitaja. Katika barua yake aliandika Kiswahili mwanzo kabisa, kwa sababu ndicho alichokisomea kwa bidii. Aliulizwa maswali kwa Kiingereza, akaulizwa tena kwa Kifaransa. Alipouliza kama Kiswahili chake kitafaa kitu, alijibiwa kuwa kitafaa sana: atawafundisha wenzake wimbo. Kijana huyu alikuwa na uwezo wa kumweleza mgeni wa Mwanza, Nairobi au Bukavu maisha ya kiboko tangu kuzaliwa hadi kufa. Lakini hakuna aliyefikiri kuwa mgeni wa Mwanza aweza kuja.

Msomaji asidhani kuwa sisi ni maadui wa Akagera. Twaipenda, na historia yake yatufunza mengi. Hifadhi hiyo ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1934. Mwaka 1997 ilipunguzwa ikabaki chini ya nusu ya eneo lake, kwa kuwa watu waliorudi nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi walihitaji ardhi. Simba wakatoweka, vifaru wakatoweka. Tangu mwaka 2010 inasimamiwa kwa ushirikiano wa Bodi ya Maendeleo ya Rwanda na shirika la African Parks; mwaka 2015 wakaletwa simba saba kutoka Afrika Kusini, na mwaka 2017 vifaru weusi wakarudi. Wapo waongozaji wanaotoka katika vijiji vya jirani, na wapo wanafunzi wa shule za jirani wanaopelekwa kuiona. Hayo ni mema, nasi twayasifu.

Lakini ajabu iliyoje! Mwaka 2017, mwaka ule ule waliporudi vifaru, sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya nchi hii. Kifaru alijengewa ua, akawekewa walinzi na mganga. Kiswahili kilipewa wimbo.

Wapo watakaotujibu kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Watasema kuwa utalii huleta fedha za kigeni na kazi kwa vijana. Hayo hatuyakanushi. Mwaka 1970 wasomi wa Dar es Salaam walibishana vikali gazetini juu ya utalii na ujamaa, na Issa Shivji akayakusanya mabishano hayo katika kitabu mwaka 1973. Sisi hatuurudii ubishi wote ule. Twauliza jambo dogo zaidi: je, fedha hizo zingepungua senti ngapi iwapo mwongozaji angeyajua majina ya wanyama kwa Kiswahili pia? Mwenyeji anayepona tumbo akaugua ulimi hajapona.

Wengine, tena walimu wenzetu, hutwambia kuwa tufurahi, kwa sababu Kiswahili kinajulikana duniani kote kwa neno hili. Twawajibu kuwa mtu anayejulikana kwa jina la kupangwa hajajulikana bado. Na wengine husema kuwa lugha hukua, maneno hupanuka. Ni kweli. Neno likipata maana mpya na kuihifadhi ya kale, limekua. Maana mpya ikiifukuza ya kale nyumbani kwake, hata mtoto aitwaye Safari asijue habari zake, hapo halikukua, bali limenyang'anywa.

Hata hivyo ni haki tujikosoe wenyewe, kwani mnyonge wa kulaumiwa asiwe mwenye loji peke yake. Tulipowapeleka wanafunzi wetu Akagera, mmoja alituonyesha mnyama akauliza jina lake. Tukasema, swala. Akatuonyesha mwingine mkubwa zaidi, tukasema, swala. Wa tatu alipotokea, wanafunzi wakajibu wenyewe kwa sauti moja: swala! Tuliona haya. Yule wa kwanza ni swala pala kweli, lakini wa pili alikuwa nyamera, na wa tatu kuro. Miaka ishirini tumefundisha ngeli na mnyambuliko wa vitenzi, tumesahihisha mitihani kwa wino mwekundu, na hatukujua kumtaja nyamera. Ng'ambo ya pili ya maji yale ni Tanzania, ambako tangu mwaka 2019 Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe ni hifadhi za taifa, na huko mtoto hufundishwa majina hayo kwa lugha hii hii.

Basi tufanye nini? Kwanza, walimu tujifunze majina hayo na kuyafundisha sambamba na ya Kinyarwanda. Mtoto atafurahi kuona kuwa ndovu na inzovu ni ndugu, na kuwa mbogo na imbogo hata kujificha hawakujificha. Pili, chama chetu kiwaendee wanaosimamia hifadhi na wanaofundisha waongozaji, kikiwa na orodha iliyoandikwa tayari mkononi, kuomba kwamba maelezo na vibao viwe na Kiswahili pia. Raia wa Afrika Mashariki hulipa Akagera ada ndogo kuliko mgeni wa mbali. Kama ada imemkaribisha, lugha nayo imkaribishe. Tatu, katika Kiswahili chetu wenyewe tuache kuita matembezi ya kutazama wanyama kwa jina la safari. Maneno yapo: ni utalii, ni matembezi ya porini. Mwingereza abaki na safari yake katika Kiingereza chake, hatutamfuata huko. Sisi twadai hii iliyo nyumbani.

Mwacha asili ni mtumwa, na mtumwa wa wimbo ni mtumwa vilevile, hata akipigiwa makofi. Yule kijana wetu Safari ameandika insha juu ya jina lake. Humo hamna simba hata mmoja. Mna lori lililoharibika usiku, taa za mpakani, na mwanamke aliyelala macho akisikiliza mlio wa gari. Tumempa alama zote, kisha tukamwomba atusomee mara ya pili.