Dhiki Ikiondoka, Je, Imani Hubaki?

Wahenga walituasa tusiwatukane wakunga na uzazi ungalipo. Onyo hilo lina ukweli mchungu ndani yake, kwamba binadamu humstahi mkunga maadamu anamhitaji. Siku uzazi unapokoma, heshima nayo hukoma. Nachelea kwamba Wakristo wengi wa nchi hii, hasa sisi tuliosoma, tumemfanya Mungu kuwa mkunga wa aina hiyo.

Hebu tuitazame mitaa ya Kibera na Kawangware hapa Nairobi. Huko makanisa ya mabati yamesongamana na nyumba za wakaazi, na usiku wa kesha nyimbo husikika hadi alfajiri. Waumini huomba mambo yanayojulikana kwa majina: kodi ya nyumba, karo, kibarua, dawa ya mtoto. Asiyejua atakula nini kesho hana muda wa kuyatia maombi yake nakshi.

Tutazame pia kinachopakana na mitaa hiyo. Ukiifuata barabara ya Gitanga kutoka Kawangware, baada ya mwendo mfupi tu unajikuta Lavington, penye bustani za maua na malango yenye walinzi. Kibera nayo inapakana na uwanja wa gofu. Kwa miguu umbali ni mdogo. Kwa moyo ni safari ndefu. Wapo vijana wanaoifanya safari hiyo kwa jasho lao. Hufaulu mtihani wa KCSE, huingia chuo kikuu, hupata kazi na kuhamia nyumba ya mawe yenye maji ya mfereji. Ni jambo la kushangiliwa. Swali langu ni moja: kwa nini baadhi yao huiacha imani pale pale walipokiacha chumba cha mabati?

Kwa maoni yangu, kosa si starehe yenyewe. Kosa ni kwamba walifundishwa imani kama ngazi. Tangu utotoni waliambiwa waombe wapate, watoe sadaka wabarikiwe, waamini watoke mtaani. Aliyekwisha kupanda ana haja gani tena na ngazi? Mhubiri aliyemwahidi kijana utajiri ndiye aliyemwonyesha mlango wa kutokea. Shule zetu nazo hazina pa kujificha. Maombi hushamiri muhula wa tatu, kalamu za watahiniwa zikibarikiwa. Matokeo yakishatoka, kimya hutanda.

Yanayompata mtu mmoja huweza kulipata kanisa zima. Katika miaka ya 1990 makanisa ya Kenya yalikuwa kimbilio la waliodai mageuzi. Julai 7, 1997, polisi walilivamia Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi, na Mchungaji Timothy Njoya akapigwa vibaya. Baada ya serikali kubadilika mwaka wa 2002, baadhi ya waliokuwa upande mmoja na wachungaji hao wakaingia madarakani, na sauti ya kukemea ikafifia. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani wa miaka mingi katika Kibera na Kawangware walifukuzana kwa misingi ya ukabila. Februari 2008 viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walikiri hadharani kwamba walikuwa wameegemea pande. Rungu halikuwanyamazisha, ukaribu na wakubwa ndio uliowagawanya.

Hata hivyo, si lazima iwe hivyo. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilizikataa pesa ambazo Rais William Ruto alikuwa amelitolea kanisa moja jijini. Kukataa mkono unaokupa ni kazi ngumu kuliko kuuvumilia mkono unaokupiga.

Atatokea wa kusema kwamba maskini huomba kwa kukosa la kufanya, na kwamba ukiondoa shida umeondoa dini. Sikubaliani naye. Simtakii mtu yeyote abaki matopeni ili awe mcha Mungu. Umaskini si sakramenti. Isitoshe, huko huko Kibera wapo wanaogawana unga na jirani bila kutarajia kurudishiwa. Hiyo si imani ya kuomba tu, bali ni imani ya kupenda, nayo haihitaji dhiki ili iishi.

Hiyo ndiyo tuwafundishe wanafunzi wetu. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 8, kinawatahadharisha Waisraeli juu ya shibe ya nchi waliyokuwa wakiiendea. Mwalimu naye awaulize watahiniwa watafanya nini wakishafaulu. Ni mtoto gani wa mtaa walikotoka watakayemfundisha hesabu bila malipo? Ni hongo gani watakayoikataa wakipewa meza ofisini? Ni Jumapili ipi watakayokwenda kanisani bila ombi lolote?

Mwanafunzi naye ajue kwamba mtihani wake mkubwa hauna msimamizi wala tarehe. Utamfikia akiwa ameshiba, amelala mahali pakavu, na hakuna kinachomlazimisha kupiga magoti. Hapo ndipo itakapojulikana iwapo alikuwa akimtaka Mungu au alikuwa akitaka karo.