Maumivu ya Nyonga na Sonona: Tusimwachie Mgonjwa Mizigo Miwili

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Masahaba zake.

Wiki hii tunazungumzia maradhi ambayo katika nyumba zetu husemwa kwa kunong'ona. Hapa kwetu Nkowe, wilayani Ruangwa, mwanamke anayeumwa chini ya kitovu huambiwa ana chango. Maumivu yakidumu, akakosa usingizi, akaacha kula na kujitenga na wenzake, huambiwa ana jini mahaba. Mume naye, akiona mkewe anamkwepa, hudhani kuwa hapendwi tena. Shauri linapofika kwenye kamati ya msikiti, huwa limeshakuwa shauri la talaka. Wakati mwingine, katika maneno yote yaliyosemwa na pande zote mbili, hakuna aliyetaja hospitali.

Maumivu ya nyonga na tumbo la chini yakidumu miezi 6 au zaidi, waganga wa hospitali huyaita maumivu sugu. Sababu zake ni nyingi: maambukizi ya via vya uzazi yasiyotibiwa vizuri, uvimbe katika mfuko wa uzazi, makovu ya upasuaji, maradhi ya kibofu au ya utumbo, na kukakamaa kwa misuli ya nyonga. Kipo pia kichocho cha mkojo, ambacho mikoa yetu ya kusini inakifahamu. Mayai ya vimelea vyake huweza kujikita katika via vya uzazi vya mwanamke. Na upo ugonjwa wa endometriosisi, ambapo tishu mfano wa zile za ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anao. Hapa nchini, Millen Magese, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2001, ameueleza hadharani ugonjwa huo uliomtesa tangu usichana wake. Wanaume nao hawajasalimika, kwani tezi dume na misuli ya nyonga huweza kuwaletea maumivu ya aina hii.

Sonona inaingiaje hapa? Sonona ni huzuni nzito, au kukosa raha na hamu ya kila jambo, inayoendelea kwa wiki 2 au zaidi hata mtu akashindwa na shughuli zake. Njia za ubongo zinazopokea maumivu zinakutana na zile zinazoongoza hisia, na baadhi ya kemikali zake ni zilezile. Maumivu humnyima mtu usingizi, kazi ya shamba na raha ya ndoa, na hapo sonona hupata mlango. Ikishaingia, ubongo hushindwa kuyatuliza maumivu, misuli hukaza, na maumivu yaliyokuwa ya kiasi huwa makali. Kila kimoja hukilisha kingine. Kwa hiyo anayetibiwa upande mmoja tu huenda asipone sawasawa, na anayeambiwa kuwa anajifanya huongezewa maradhi.

Wapo wanaosema kuwa Muumini hapati sonona. Na tutazame Qur'ani. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika kwa kumpoteza Yusuf hata macho yake yakageuka meupe, huzuni ya moyo ilifika mwilini. Bibi Maryam, katika Surat Maryam aya ya 23 hadi 26, alishikwa na uchungu chini ya mtende akatamani lau angekuwa amekufa kabla ya hapo. Hakukemewa kwa udhaifu wa imani. Aliliwazwa asihuzunike, akapewa maji na tende. Na mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladi), aliandika kitabu kizima kuhusu maslahi ya miili na nafsi, akibainisha kuwa kimoja kikiugua, kingine huathirika.

Aibu nayo isituzuie. Bi Fatima bint Abi Hubaysh alimwendea Mtume (s.a.w.) kumuuliza kuhusu damu yake isiyokatika. Imran bin Huswayn, aliyekuwa na bawasiri, alimuuliza kuhusu swala, akaelekezwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa ubavu. Hawakuona haya, nasi hatuna haja ya kuwa na haya kuliko wao.

Basi tufanye nini? Mume afuatane na mkewe kwenye kituo cha afya au Hospitali ya Wilaya. Wasiseme "tumbo" tu. Waeleze maumivu yalianza lini, kama yanaambatana na hedhi, mkojo au tendo la ndoa, na waeleze pia habari ya usingizi na huzuni. Waulizie kipimo cha kichocho na ultrasaundi. Daktari akiandika dawa ya sonona kama amitriptilini, wasidhani amemwona mgonjwa mwendawazimu. Dawa hiyo hutumika pia kutuliza maumivu sugu. Isiachwe ghafla bila ushauri wake. Na mgonjwa akitamka kuwa anataka kufa, asiachwe peke yake; apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kisomo ni sunna na hatukiachi, lakini hakichukui nafasi ya vipimo. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, akatufahamisha kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila dawa yake. Kuhusu tendo la ndoa, dini yetu haikubali madhara. Mume anayesubiri mkewe atibiwe yumo katika kuishi naye kwa wema.

Msimu wa korosho ukifika, tunatenga fedha za bati na za harusi. Tutenge na nauli ya hospitali kwa ajili ya mama wa nyumba. Na kabla ya nauli, tumpe kile kisichogharimu kitu: tumwamini anaposema anaumwa.

Allah awaponye wagonjwa wetu, na azitie rehema nyumba zetu. Amin.